UZI: Nimelipa bili ya maji na majitaka mtandaoni, hela imetoka, deni liko palepale na notisi ya kukatiwa nimeletewa

#1 Kata_Kiu (mtoa mada)

Wakuu salaam. Nimekuja na kilio. Mwenye kucheka acheke, ila anisaidie kwanza.

Siku tisa zilizopita nililipa bili ya nyumbani kwa simu, usiku, nikiwa kitandani. Programu ikaniletea alama ya vema ya kijani na maneno "malipo yamepokelewa", salio likapungua hapohapo. Nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Leo asubuhi nakuta karatasi imechomekwa getini: deni lote kama lilivyokuwa, limeongezwa faini ya kuchelewa, na nimepewa siku saba kabla hawajaja kufunga maji.

Nimeingia kwenye tovuti yao, deni lipo. Nimefungua taarifa ya benki, hela imetoka na jina la mpokeaji ni lao kabisa, si la tapeli. Nimepiga huduma kwa wateja, nimesikiliza muziki dakika arobaini, aliyepokea akasema "kwetu hakuna malipo yoyote kwenye akaunti yako". Benki nao wanasema "kwetu muamala umekamilika". Kila mmoja ananawa mikono.

Je, nilipe tena ili nisikatiwe, halafu ile ya kwanza niidai taratibu? Au nikaze?

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeweka kiti hapa. Nina bili yangu ya kulipa leo usiku na nilitaka kuanza kutumia simu. Mmenitisha.

#3 Koki_Mbovu

Hela ya maji imekwenda na maji mkuu. Pole.

Ila mimi yalinikuta tofauti kidogo. Niliandika jina la kampuni kwenye kitafutio, nikabofya jibu la juu kabisa, lile lenye neno dogo "tangazo" pembeni. Tovuti ina nembo, ina rangi zilezile, nikajaza kila kitu, nikalipa. Kumbe ni dalali. Anachukua hela yako, anakata ada yake, halafu anakwenda kulipa kwa niaba yako siku kadhaa baadaye. Bili yangu ililipwa kweli, ila imechelewa, nikapigwa faini juu ya ada. Na wala si wizi! Maandishi ya "sisi si sehemu ya kampuni ya maji" yalikuwapo chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi.

#4 Tarakimu

Mkuu Koki, na kulikuwa na ile alama ya kufuli juu?

#5 Koki_Mbovu

Ilikuwapo, na ndiyo iliyonipa moyo.

#6 Tarakimu

Kufuli halijawahi kusema kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Linasema tu kwamba mazungumzo yenu yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Ukizungumza faragha na tapeli, bado ni tapeli, ila mko faragha. Watu wengi waliielewa vibaya mpaka Google wakaiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2023, wakaweka nyingine isiyofanana na kufuli.

Anwani ya tovuti ichukuliwe kwenye karatasi ya bili yenyewe, uiandike kwa mkono mara ya kwanza, uihifadhi. Usiitafute tena kila mwezi. Na ujumbe unaokuja na kiungo cha "lipa sasa kabla hatujakata" usiubofye hata kama kweli unadaiwa. Hasa kama kweli unadaiwa, maana ndipo mkono unapokuwa mwepesi.

#7 Mama_Ndoo

Mwanangu Kata_Kiu, usilipe tena. Mimi nililipa mara mbili mwaka juzi. Mtandao ulikatika nikiwa katikati, kile kiduara kinazunguka tu, nikarudi nyuma nikabonyeza upya. Zote mbili zikapita. Hela haikurudi mkononi, waliigeuza kuwa salio la mbele, nikanywa salio hilo miezi miwili. Sikudhulumiwa, lakini hela ile nilikuwa nimeipangia kazi nyingine.

#8 Dira_ya_Maji

Nimekaa dawati la malipo la kampuni ya maji miaka mingi, sasa nimepumzika. Wacha nieleze, maana hawa wawili wanaokurushiana huenda wote wanasema kweli.

Unapobonyeza "lipa", vinaondoka vitu viwili, na haviendi kwa basi moja. Kimoja ni hela. Inatoka kwako, inapitia kwa wakala wa malipo, inaingia kwenye akaunti ya benki ya kampuni, kwa kawaida imechanganywa na hela za wateja wengine mamia, tone ndani ya ndoo. Kingine ni taarifa: faili lenye mistari, kila mstari una tarehe, kiasi na namba ya akaunti ya mteja. Mashine ya bili inasoma faili. Haikujui kwa jina, haijui sura yako wala benki yako, na haijui kwamba ulilipa ukiwa kitandani. Inachokijua ni namba.

Ikikuta namba ipo, inapunguza deni la namba hiyo. Isipoikuta, mstari unatupwa kwenye kapu la malipo yasiyo na mwenyewe, na hapo unasubiri binadamu kama mimi aje na kikombe chake aanze kukisia. Ajabu yake, wanaolalamika sana ni wale wa kapuni, na hao ndio rahisi kuwasaidia, kwa sababu kapu lina watu wanaolichungulia kila asubuhi. Kazi ngumu ni pale namba inapokuwapo lakini si yako. Hapo mashine imeridhika, hakuna anayechungulia.

Sasa fungua risiti ya simu. Usitazame kiasi, usitazame tarehe. Soma namba ya akaunti, tarakimu moja moja, ukilinganisha na karatasi ya getini. Usiiweke hapa hadharani.

#9 Siti_ya_Mbele

Naona moshi.

#10 Kata_Kiu

Nimesoma. Nimesoma mara tatu. Nimempa mke wangu asome.

Hazifanani hata kidogo. Namba niliyolipia ni ya nyumba niliyohama miezi miwili na nusu iliyopita.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye programu, zamani, niliihifadhi akaunti kwa jina "Nyumbani". Bili ya kwanza ya nyumba hii nililipa dirishani siku niliyokwenda kujiandikisha. Hii ya pili ndiyo ya kwanza kuilipa kwa simu tangu nihame. Nikabofya "Nyumbani". Sasa ile nyumbani si nyumbani tena, lakini simu itajuaje.

#11 Koki_Mbovu

Simu imekuzidi uaminifu mkuu. Wewe umehama, yenyewe imebaki.

#12 Tarakimu

Na programu haikukuonyesha kiasi cha deni kabla hujalipa?

#13 Kata_Kiu

Ilionyesha. Kilikuwa tofauti na cha kwenye karatasi. Nikadhani haijasasishwa, nikafuta nikaandika cha kwenye karatasi.

Nipigeni tu.

#14 Tarakimu

Hatukupigi, ila hapo ndipo uliposimamishwa na mlango na wewe ukapitia dirishani. Kiasi kisipofanana na karatasi, mara nyingi namba ndiyo yenye tatizo. Kinaweza kupishana kwa sababu ya faini au malipo yanayosubiri kuingia, lakini hata hayo ni ya kuyafahamu kabla ya kulipa.

Niongeze jambo ambalo watu hawalijui. Namba nyingi za malipo zina tarakimu ya mwisho ambayo si sehemu ya namba hasa, ni mlinzi. Inakokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Kanuni maarufu zaidi ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyepewa hataza yake mwaka 1960, na ndiyo iliyo kwenye kadi za benki mpaka leo. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Ukipindua mbili zilizo jirani, inakataa karibu zote, isipokuwa 09 ikigeuka 90 au kinyume chake. Ndiyo maana ukiandika namba ya kadi vibaya tovuti inalalamika hata kabla haijaiuliza benki.

Lakini mlinzi huyo anazuia kidole kilichoteleza tu. Namba ya nyumba yako ya zamani ni namba halali kabisa, imekokotolewa vizuri, ina mita, ina bomba. Inapita mbele yake kama mgeni mwenye mwaliko.

#15 Mama_Ndoo

Mwanangu, uliifunga ile akaunti ya kule ulipohama?

#16 Kata_Kiu

Mama, nilirudisha funguo. Nilidhani hiyo ndiyo kufunga.

#17 Dira_ya_Maji

Ehee. Sasa tumefika kwenye mfupa.

Akaunti ya maji haifuati funguo. Inafuata jina lililoandikishwa. Kama hukwenda kuifunga, ile mita ya kule imeendelea kuzunguka kwa jina lako miezi miwili na nusu, na anayeyatumia maji ni mwingine. Maana yake malipo yako hayakupotea, yamelipa bili iliyo kwa jina lako, ya maji aliyooga mtu mwingine. Ukienda dawatini kusema "nihamishieni hela kutoka namba ile kuja hii", watakuuliza: akaunti ile ni ya nani? Utasema yangu. Watakwambia basi umelipa deni lako, umebakiwa na lingine.

Nimewaambia watu hivyo mwenyewe, kwa mdomo huu. Wala si ukatili, ndivyo mfumo unavyoona.

Unachotafuta si uhamisho kwanza. Kwanza ni kufunga akaunti ya zamani kwa tarehe ya nyuma, siku uliyotoka. Ukifanikiwa hapo, matumizi ya baada ya siku hiyo yanaondoka kwako, hela yako inabaki ikielea kama salio la ziada, na salio la ziada kulihamisha ni kazi ya dakika mbili. Lakini kwa tarehe ya nyuma watataka usomaji wa mita wa siku uliyohama. Una ushahidi wowote? Mkataba wa upangaji ulioisha, makabidhiano, picha?

Na leo hii, kabla ya yote, peleka lalamiko kwa maandishi, uombe wasimamishe ukataji mpaka lijibiwe, na usiondoke bila namba ya lalamiko. Simu haina kumbukumbu, maandishi yanayo. Siku saba zinakwisha upesi.

#18 Fundi_Mfereji

Nimechelewa. Bosi, wakati wa kuhama hukupiga picha ya kuta kwa ajili ya kudai amana yako? Watu wengi hupiga. Tazama kama mita imeingia kwenye picha kwa bahati.

#19 Kata_Kiu

Niko kwenye picha sasa hivi. Nilipiga nyingi kweli, mwenye nyumba alikuwa mkali.

#20 Siti_ya_Mbele

Wakati anatafuta, swali la mshamba. Bili yangu ina mstari wa maji na mstari wa majitaka, na wa majitaka umekaribia kulingana na wa maji. Mita ninaiona moja tu. Hayo majitaka wanayapimaje?

#21 Fundi_Mfereji

Kwa nyumba za kawaida hawayapimi. Maji safi yanakuja kwa presha, yamejaza bomba, hayana takataka, kwa hiyo kigurudumu cha mita kinazunguka vizuri. Majitaka yanatembea kwa mteremko, bomba halijajaa, na ndani yake mna vitu ambavyo sitavitaja. Weka mita ndogo ya nyumbani mle, itaziba kabla ya wiki.

Kwa hiyo wanatumia mita ya maji safi: yaliyoingia ndiyo yaliyotoka. Kama si yote, basi sehemu yake. Miji mingi ya Marekani huchukua matumizi ya miezi ya baridi, wakati hakuna anayemwagilia bustani, na kuyafanya kipimo cha majitaka cha mwaka mzima. Kwingine wanapiga asilimia fulani tu. Mwenye bustani kubwa ndiye anayeonewa, maana maji yaliyokwenda kwenye majani analipia kana kwamba yamerudi bombani. Kuna kampuni zinazokubali mita ya pili ya bustani, uliza.

Na wewe unayetumia shimo la majitaka nyumbani kwako, bila kuunganishwa na bomba la barabarani, kagua kama hawakutozi mstari huo. Nimeona nyumba imelipia bomba ambalo halipo.

#22 Koki_Mbovu

Mimi nataka kujua kwa nini watu hawaweki malipo ya kujikata yenyewe kila mwezi. Unatoa ruhusa mara moja, basi, hakuna kusahau, hakuna faini.

#23 Fundi_Mfereji

Sikubaliani. Kwa maji hapana.

Bili ya maji ni kipimo cha afya ya nyumba. Ikijikata yenyewe huifungui, usipoifungua huoni. Nilikwenda nyumba moja, choo kinavuja polepole kutoka kwenye tangi kwenda kwenye sinki, kimya, hata sauti hakuna. Bili imepanda miezi minne mfululizo, mwenyewe hana habari, benki inalipa tu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, na choo kinachovuja kinaweza kufika lita 750 kwa siku. Kwa siku! Hiyo ni robo tatu ya uniti, na hakuna aliyenawa hata mkono.

#24 Koki_Mbovu

Jina langu limetajwa, natoka nje.

#25 Mama_Ndoo

Fundi, hizo uniti mnazisema tu. Sisi tunajuaje kama ni nyingi au chache?

#26 Fundi_Mfereji

Mama, uniti moja kwa wanaopima kwa mita ni meta moja ya ujazo, lita 1,000. Wanaopima kwa futi wanahesabu futi 100 za ujazo, ambazo ni lita 2,832 hivi, kwa hiyo soma bili yako inasema ipi kabla ya kulinganisha na ya shemeji aliye nchi nyingine.

Sasa piga hesabu ya mezani. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kwa mahitaji ya msingi. Chukua ya juu. Watu wanne, siku thelathini: lita 12,000, yaani uniti 12. Bili ikikuandikia 14, sawa, mna wageni. Ikikuandikia 40 na hamna bustani wala hamfui nguo za mtaa mzima, usilipe kwanza, nenda kwenye mita.

Funga koki zote, hakikisha hakuna tangi linalojaza, halafu tazama kile kinyota au kipembetatu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanakwenda mahali. Kwa choo, tia rangi kidogo kwenye tangi, kaa dakika kumi bila kukivuta, rangi ikitokea chini umempata mwizi. Tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili kwa mita nyingi, nyekundu ni vipande vyake, na bili kwa kawaida inatumia nyeusi. Watu wanasoma zote kwa mkupuo wanaona wameibiwa mara elfu.

Pia tazama kama pembeni ya usomaji pameandikwa "makadirio". Hapo msoma mita hakuingia, labda mbwa, labda geti limefungwa, wamekisia kwa kufuata miezi ya nyuma. Wakikisia chini mfululizo, siku wakisoma kweli utaletewa mlima wote kwa mara moja. Tuma usomaji wako mwenyewe pamoja na picha.

#27 Dira_ya_Maji

Fundi kasema vyema, ila kuhusu malipo ya kujikata nina maoni ya kati. Mzee mwenye kusahau, mtu anayesafiri miezi, afadhali ijikate kuliko arudi akute wamefunga. Aweke tu kikomo cha juu benki, kiasi kikizidi wamuulize kwanza. Aulize benki yake kama inaruhusu. Na ahakikishe kadi haijaisha muda, maana kadi ikiisha, malipo yanafeli kimyakimya, na huyu alikwisha kuacha kutazama bili zamani.

#28 Kata_Kiu

IMEPATIKANA.

Picha ya kumi na saba. Nilikuwa napiga ufa wa ukuta wa nje, mita iko kona ya chini kushoto. Nimevuta, tarakimu zote nyeusi zinasomeka, na simu imeandika tarehe na saa. Siku ileile ya kurudisha funguo.

#29 Siti_ya_Mbele

Allahu akbar. Nimeruka kwenye kiti.

#30 Dira_ya_Maji

Usiikate wala kuivuta hiyo picha na kuihifadhi upya. Peleka ile yenyewe, nzima, pamoja na karatasi ya mwisho wa mkataba, risiti ya malipo na taarifa ya benki inayoonyesha hela imetoka. Uende mwenyewe dirishani kama unaweza. Na usikubali ushauri wa kuiambia benki iirudishe hela kwa nguvu. Benki ikiivuta, kwa kampuni itaonekana kama umelipa halafu ukanyang'anya, akaunti zote mbili zitakuwa na deni, na hapo hata mimi nisingekusaidia.

#31 Tarakimu

Na mwambie mpangaji mpya wa kule, au mwenye nyumba. Wao hawajui kwamba kuna akaunti inayokuja kuwaangukia.

#32 Kata_Kiu

Mrejesho, siku ya nne tangu nifungue uzi.

Lalamiko nililituma jioni ileile, ukataji ukasimamishwa, na ujumbe wa kuthibitisha ninao. Kesho yake nikaenda dirishani. Dada wa kwanza alisema yaleyale ya mzee Dira, neno kwa neno: "akaunti hii ni yako, umelipa deni lako". Nikatoa picha. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akafungua usomaji wa mwezi uliofuata kwenye mfumo, akaona umeendelea kutoka kwenye tarakimu za picha yangu bila kurudi nyuma, akasema inaingia akilini. Wamefunga akaunti ya zamani kwa tarehe niliyohama. Siku zangu kumi na moja za mwisho kule nilikuwa sijalipia kweli, zikakatwa. Zilizobaki zimehamishiwa akaunti ya huku. Imepungua kidogo hiyohiyo ya siku kumi na moja, nimemalizia palepale.

Faini ya kuchelewa wamekataa kuifuta. Wanasema kosa la namba ni langu. Nimejaribu kubisha, nikashindwa kupata neno.

#33 Mama_Ndoo

Alhamdulillah. Na yule mpangaji mpya amesemaje?

#34 Kata_Kiu

Nilimpigia mimi mwenyewe mama, nikaona ndiyo uungwana. Amesema miezi miwili alikuwa anashangaa mbona bili haiji, akadhani maji yamo ndani ya kodi. Akanishukuru kwa kuoga kwa hela yangu, halafu akaniuliza kama siku zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi naweza nikaendelea kumlipia tu.

#35 Koki_Mbovu

Huyo nampenda bure.

#36 Siti_ya_Mbele

Nimelipa yangu jana. Anwani nimeichukua kwenye karatasi, namba nimesoma tarakimu moja moja kwa sauti, watoto wakadhani nasali. Kiasi kimefanana. Leo mchana deni limesoma sifuri kwenye tovuti yao, siyo kwenye simu yangu tu. Picha ya skrini nimehifadhi.

Kata_Kiu, ile "Nyumbani" ya kwenye programu umeifuta?

#37 Kata_Kiu

Nimeifuta jana usiku. Nimeweka mpya, nikaiandika kwa namba ya nyumba na jina la mtaa.

Ngoja kwanza, Fundi, ile rangi ya kwenye tangi la choo niweke kiasi gani? Nimefunga koki zote na kinyota kinazunguka.